Fundi Aliyeitwa Sikio

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwingine kote aliitwa Sikio, na wala jina hilo hakuliokota njiani. Alilipata kwa bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao. Pikipiki ikishatengenezwa, aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini au kwenye kitovu cha gurudumu, mpini akaubana kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Hapo gereji nzima ilinyamaza. Pampu ya upepo ilizimwa, soga zilikatwa, hata wateja waliokuja na hasira zao walishusha pumzi. Baada ya muda Sikio alifumbua macho na kusema neno moja kati ya mawili: "Sawa," au "Fungua." Akisema fungua, ilifunguliwa, hata kama mwenye pikipiki anataka kulia. Akisema sawa, hakuna aliyeuliza tena.

Watu walikuwa na sababu ya kumwamini. Siku moja alimsimamisha mtu aliyekuwa akijipitia zake tu, akamwambia cheni yake haifiki Ijumaa. Yule mtu alicheka mpaka akakohoa. Ilikatika Alhamisi, mchana kweupe, mbele ya wakwe zake.

Baada ya bisibisi kulikuwa na barabara. Kila pikipiki aliijaribu mwenyewe kwenye barabara kuu ya nje ya mji, mwendo wa mia na ushee, kioo cha helmeti kimeinuliwa na kichwa kimelazwa upande ili asikose kusikia chochote. Upepo ulimpiga masikioni kama mtu anayekung'uta mkeka. Alirudi gereji kichwa kikivuma, akanawa uso, akapanda nyingine. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Sasa siri yake ni hii, na tuiseme mapema, maana mwenyewe asingeisema hata kwa kubanwa na koleo: sikio lilikuwa limekwisha.

Lilianza kumtoka kwa vitu vidogo. Birika la nyumbani, lile la kupiga mluzi, lilichemka siku moja mpaka likakauka naye amekaa hatua tatu kutoka jikoni. Mkewe alimuuliza kama amekuwa kiziwi, akajibu kwamba alikuwa na mawazo. Kisha wakapotea ndege wa asubuhi. Kisha yakapotea maneno ya watoto, akawa anacheka pale wengine wanapocheka. Akilala, badala ya kimya alikuwa na mlio mwembamba ndani ya kichwa, usiopanda wala kushuka. Sauti nzito alizisikia vizuri tu: lori, radi, mtu mwenye koo pana. Zilizomhama ni zile nyembamba, na pikipiki ikianza kuharibika, mara nyingi hulalamika kwa sauti nyembamba kwanza.

Aliendelea kubana bisibisi sikioni. Afanyeje? Jina likiondoka, kilichobaki ni mwanamume wa makamo mwenye mikono michafu, na hao mji ulikuwa nao tele. Akajifunza kutazama zaidi, kugusa zaidi, na pale asipojua, kukisia. Akajikaza kisabuni. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

Asubuhi ya mkasa wetu, mdogo wake wa kike alikuwa amesimama gerejini, helmeti kwapani, akitazama saa. Alikuwa muuguzi wa chanjo. Kila wiki alibeba sanduku la barafu kwenda zahanati za ng'ambo ya mlima: kilomita thelathini na kitu za barabara iliyonyooka, halafu mteremko wa kona kali, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo. Gurudumu la mbele la pikipiki yake lilikuwa linayumba, na Sikio alikuwa anabadilisha beringi zote mbili.

"Kaka, bado tu?"

"Subiri. Gurudumu si nywele, useme utazibana mbele ya safari."

"Kwenye ghala la chanjo wameshaanza kunifungia sanduku. Barafu hainisubiri."

Sikio alikuwa ameshaipiga nyundo beringi ya kwanza ikakaa. Ndipo dada mtu akatoa kifuko cha nailoni mfukoni, akakiweka juu ya meza ya kazi. Ndani yake mlikuwa na vijipande viwili vya sponji, rangi ya chungwa, vinene kama ncha ya kidole.

"Hivi ni vyako. Vizibo vya masikio."

Sikio alivitazama kama mtu aliyeletewa mdudu. "Mimi nizibe masikio? Si uniambie na mikono nifungwe, ndipo nitengeneze."

"Injini haina neno, kaka. Kinachoua masikio ni upepo. Ukipita themanini, upepo unaozunguka kwenye helmeti unapiga kelele kuliko injini yenyewe. Ukivaa hivi, upepo unashuka. Honi unaisikia, lori unalisikia, mtu akikuita unamsikia. Tena vizuri zaidi kuliko ukiwa wazi."

"Nani kakudanganya hayo?"

"Mimi mwenyewe navaa. Huu mwaka wa tatu."

"Ndiyo maana ukiambiwa jambo husikii."

Alisema kwa utani, lakini dada yake hakucheka. Alimsogelea, akapunguza sauti ili majirani wasisikie, na kwa kuipunguza akamfanya kaka yake asikie nusu tu.

"Kati yetu nani hasikii? Nimekuuliza breki mara mbili nikiwa nyuma yako, hukugeuka. Jumatatu kituoni kwetu kuna mtaalamu wa kupima masikio. Ni dakika kumi tu."

"Jumatatu nina kazi."

"Basi Jumanne."

"Jumanne pia nina kazi."

"Jumanne hayupo, nilikuwa nakupima. Wewe hutaki tu."

Sikio alihisi uso unawaka. Kuambiwa na mdogo wake aliyembeba mgongoni, tena gerejini kwake, mbele ya watu! Aliokota beringi ya pili, akaiweka mahali pake, akaigonga kwa nyundo kwa hasira mpaka ikazama. Akarudisha gurudumu, akapitisha ekseli, akakaza nati. Alipolizungusha kwa mkono, lilikuwa zito kidogo.

"Ni zile sili mpya za mpira zinabana," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akachukua bisibisi. Pampu ikazimwa. Akazungusha gurudumu kwa nguvu, akaweka ncha kwenye kitovu, mpini nyuma ya sikio, akafumba macho. Alichosikia kilikuwa kile kile alichokuwa akisikia kila siku kwa mwaka na nusu: mlio wake mwenyewe, ule mwembamba wa kichwani. Chini yake, hakuna kitu.

Upande wa pili wa banda, Mama Viti, mwanamke aliyeshona ngozi za viti vya pikipiki, aliondoa mguu kwenye cherehani. Aliinua kichwa, akalitazama gurudumu, kisha akamtazama Sikio.

Sikio alifumbua macho. "Sawa."

Mama Viti akarudisha mguu, akaendelea kushona.

Kwa kawaida pikipiki ingekwenda barabarani kwanza, lakini saa ilikuwa imekwenda na wote wawili walikuwa wamevimba kwa hasira. Dada yake akatoa vizibo vyake, akavisokota kimoja kimoja kati ya vidole mpaka vikawa vyembamba, akavuta sikio juu kwa mkono wa pili, akaingiza kila kimoja, akakishikilia kikivimba taratibu. Akavaa helmeti. Hakuaga. Akatoka getini.

Robo saa ilipita. Sikio alikuwa bado anabishana na dada yake kichwani, na kichwani alikuwa anashinda, alipochukua kopo la petroli la kuoshea vifaa ili akalimwage. Kitu kizito kikabingirika chini ya kopo.

Akatumbukiza vidole. Akatoa kibomba cha chuma, kirefu kama kidole cha shahada, kinang'aa kwa usafi. Ilikuwa bushi ya gurudumu la mbele.

Bushi hiyo hukaa katikati ya beringi mbili na kuzitenganisha. Bila hiyo, kila unavyokaza nati ndivyo unavyozibana beringi kwa ndani, na beringi iliyobanwa hupata moto, hulia, kisha huvunjika. Ikivunjika ya mbele, gurudumu hujifunga au hulala upande, na dereva huenda linakotaka lenyewe.

Sikio alisimama na bushi mkononi, petroli ikimtiririka mpaka kiwikoni. Jambo la kwanza alilolifikiri lilikuwa la kipumbavu, nalo lilimpa faraja kwa muda wa pumzi moja. Beringi isiyo na bushi hulia. Mimi nimesikiliza, haikulia. Basi hii ni bushi ya pikipiki nyingine.

Hapakuwa na pikipiki nyingine iliyofunguliwa gurudumu siku ile.

Akavuka banda. "Mama Viti. Pikipiki ya mdogo wangu, nilipokuwa nazungusha gurudumu. Ulisikia kitu?"

Mama Viti alisimamisha cherehani. "Kitu gani?"

"Kitu chochote."

"Si ililia." Alimtazama kwa mshangao. "Ililia kama filimbi. Hata meno yaliniuma. Nikasema labda ndivyo zinavyolia mpya, maana wewe umesema sawa." Macho yake yakashuka kwenye bushi. "Wewe hukusikia?"

Aliitumbukiza bushi mfukoni. Aligeuka huku akitafuta simu kwa vidole vyenye petroli, ikamponyoka, akaiokota, akapiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Simu ya dada yake ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa nyuma ya kiti, na mwenyewe alikuwa na helmeti kichwani na sponji masikioni. Akapiga ghalani. Mtunza ghala alijibu kwa uvivu wa mtu anayekunywa kitu cha moto.

"Muuguzi? Kashachukua sanduku lake. Ana dakika tano, sita hivi, tangu atoke. Kwani vipi?"

Sikio hakumaliza kumsikiliza. Mlangoni ilikuwa imeegeshwa pikipiki kubwa ya mpima ardhi, iliyomaliza matengenezo jana, funguo zikining'inia. Akavuta helmeti ya kwanza aliyoigusa. Mama Viti alikuwa ameshafungua geti kwa mikono yote miwili, anamwambia kitu ambacho hakukisikia.

Mji ulimchelewesha. Magari yalikuwa yamepangana kwenye mzunguko, akapanda ukingo wa barabara, akapita kati ya meza ya mwuza viatu na ukuta, akatukanwa na watu watatu kwa mpigo. Alipofika barabara kuu akasokota mafuta mpaka mkono ukagoma. Mia. Mia na kumi. Mia na thelathini. Helmeti aliyoichukua haikuwa yake, ilikuwa kubwa, na upepo uliingia kwa chini ukajaa humo ndani ukinguruma. Hakusikia injini. Hakusikia gia zikiingia. Aliendesha kwa macho na kwa mtetemo wa magoti.

Kichwani alikuwa akipiga hesabu asiyoipenda. Mdogo wake huenda themanini, mara nyingine tisini barabara ikiwa tupu. Mteremko unaanza kilomita ya thelathini na tano. Beringi inaweza kuvumilia kilomita hamsini, na inaweza isivumilie ishirini. Kwenye barabara iliyonyooka mtu anaweza kuyumba, akaangukia majanini, akavunjika mkono, akaamka. Kwenye kona za mteremko hakuna majani.

Na huyo mtu ameziba masikio! Hata nikimfikia, nitampigia honi bure. Atakuwa humo ndani ya sponji zake, kama mtu aliyezama majini, mimi napiga kelele nyuma yake na yeye anakwenda zake kufa. Akalaani vizibo, akamlaani aliyevitengeneza na duka lililoviuza. Ilikuwa rahisi kulaani vizibo. Kulikuwa na jambo lingine la kulaani, lakini lilikuwa karibu naye mno.

Kilomita ya ishirini. Akapita basi, akapita magari mawili. Kilomita ya ishirini na sita. Barabara ilipanda kilima kidogo, na alipofika juu aliona mbali mbele lori lenye turubai la buluu, na mbele ya lori doa jeupe: sanduku la chanjo, na mbele yake mgongo wa mdogo wake, umenyooka kama alivyozoea kukaa tangu utotoni.

Alikuwa hai. Sikio alipiga ukelele ndani ya helmeti, na ukelele wenyewe hakuusikia.

Akalifikia lori. Upande wa pili magari yalikuwa yanakuja mfululizo, hakuweza kulipita. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Gurudumu la mbele la dada yake lilianza kucheza. Ni kidogo tu, mtu mwingine asingeliona, lakini macho ya Sikio ndiyo yaliyokuwa yamebaki na kazi zote, na macho yaliliona. Mbele zaidi ilikuwa imesimama alama ya njano yenye mshale uliopinda. Mteremko.

Akabonyeza honi.

Hakusikia kitu. Akabonyeza tena, akashikilia kidole mpaka ukucha ukawa mweupe. Kimya, upepo tu. Honi mbovu, alifikiri, na hapo moyo wake ulivunjika kweli kweli. Jana amemwambia mpima ardhi kila kitu ni sawa, na hata honi hakuijaribu. Akaendelea kubonyeza, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, akibonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, machozi yakichuruzwa na upepo kuelekea masikioni.

Mbele ya lori, helmeti ya dada yake iligeuka. Akatazama kioo cha pembeni. Akainua mkono wa kushoto, akawasha indiketa, akapunguza mwendo, akatoka barabarani taratibu na kusimama kwenye changarawe, hatua mia moja kabla ya ile alama ya njano.

Lori likapita na mvumo wake. Sikio akasimama nyuma ya dada yake kwa kishindo, nusura aangushe pikipiki ya watu. Akashuka.

Dada yake alikuwa ameshavua helmeti na kutoa kizibo kimoja. "Kaka, umepatwa na nini? Nani kafariki?"

"Umenisikia?"

"Nisikusikie vipi? Umeanza kupiga honi tangu ukiwa nyuma ya lori, kama bwana harusi. Nikafikiri ni mwehu, halafu nikakuona kwenye kioo."

"Honi inalia?"

Dada yake alimtazama. Alinyoosha mkono kwenye pikipiki ya mpima ardhi, akabonyeza. Bila upepo, injini ikiwa imezimwa, honi ililia kiasi cha kumshtua Sikio akaruka. Ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inalia muda wote, hatua mbili kutoka usoni pake.

Alipiga magoti kando ya gurudumu la mbele. Akatema mate kwenye kitovu. Yakachemka, yakakauka papo hapo.

"Nimesahau bushi," alisema. Akaitoa mfukoni, akamwonyesha. Hakuweza kumtazama usoni. "Ungeingia kwenye kona na hii, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Dada yake alichuchumaa. Aliitazama bushi, akalitazama gurudumu. Alipoongea sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimeisikia ikilia."

"Lini?"

"Tangu nilipoingia barabara kuu. Vizibo vikakata upepo, nikaisikia vizuri kabisa, mluzi mwembamba, unapanda kila ninapoongeza mwendo. Mara mbili nilitaka kusimama." Alimeza mate. "Halafu nikajiambia, kaka ameisikiliza. Kaka amesema sawa. Mimi muuguzi, najua nini? Nikaongeza mwendo."

Sikio aliigeuza bushi kiganjani.

"Unaelewa ninachosema?" Sasa alikuwa analia, na alikuwa na hasira, vyote kwa pamoja. "Masikio yangu yaliniambia simama, nikayakatalia kwa ajili yako. Ningekufa kwa kukuheshimu, kaka. Watoto wangu wangeambiwa ni ajali."

Akapandisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, akainua upande wa mbele kwa goti kama alivyofundishwa na kaka huyo huyo zamani, akalipiga gurudumu kofi likazunguka.

"Unasikia?"

Sikio aliinamisha kichwa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. Angeweza kusema inalia kidogo. Angeweza kusema asubuhi haikuwa hivi. Alilitazama gurudumu likizunguka mbele ya pua yake, akamtazama mdogo wake akikunja uso kwa sauti iliyokuwa inamchoma, naye akiwa amekaa kwenye ukimya wake.

"Sisikii," alisema. "Sisikii kitu."

"Tangu lini?"

"Mwaka. Mwaka na nusu."

Gurudumu lilisimama lenyewe. Dada yake alifuta uso kwa mkono wa koti, akakaa kwenye changarawe kando yake. Halafu akauliza swali ambalo Sikio alikuwa akilikimbia tangu kwenye kopo la petroli, na kwa mwendo wa mia na thelathini hakuwa ameliacha nyuma.

"Na zile nyingine?"

Hakukuwa na haja ya kufafanua. Zile nyingine: mwaka na nusu wa pikipiki, kila moja imepigwa bisibisi, kila moja imeambiwa sawa.

Walihamisha sanduku la chanjo kwenye pikipiki ya mpima ardhi, wakalifunga kwa kamba mbili. Dada yake alirudisha kizibo sikioni. Kabla ya kuvaa helmeti alimshika kaka yake bega, akalibana kwa nguvu, kisha akaondoka, akaingia kwenye kona ya kwanza polepole na kwa usalama mpaka asionekane.

Sikio alibaki na pikipiki isiyoendesheka. Alimpigia Mama Viti, akamwambia kwamba amewahi, amtafutie gari la kubeba pikipiki. Mama Viti alishukuru Mungu kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia. Jua lilikuwa limefika utosini. Alikaa kwenye jiwe, akafungua orodha ya wateja kwenye simu. Ilikuwa ndefu. Akimpigia mmoja, kesho mji mzima utajua, na keshokutwa hakutakuwa na Sikio. Alikaa hivyo kwa muda ambao haukuwa mfupi, na hatuna sababu ya kumpamba: alifikiria kweli kuirudisha simu mfukoni.

Akaanza na mwalimu, aliyechukua pikipiki yake wiki iliyopita.

"Fundi Sikio!" Mwalimu alipokea kwa furaha. "Leo umenikumbuka."

"Mwalimu, uko wapi?"

"Njiani. Nimesimama kupokea simu yako. Namrudisha binti yangu kutoka shule."

"Ile pikipiki. Ina mlio wowote?"

Mwalimu akajibu, lakini basi lilikuwa linapita, na jibu likapotea. Sikio akabana simu sikioni, akahamishia sikio la pili. Hakuna tofauti.

"Sema tena, mwalimu. Sema kwa nguvu. Mimi sisikii vizuri."

Kisha mwalimu akaanza upya, taratibu na kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama anayesomea darasa imla.

"Nimesema, inalia nyuma. Kidogo tu. Tangu nilipoichukua kwako. Binti yangu ndiye aliyeisikia kwanza. Kila siku ananiambia, baba, inalia. Nikamwambia aache kelele, Sikio amesema ni sawa."

"Mshushe mtoto," Sikio alisema.